Kisichozunguka

Ndani ya kila chombo kinachokwenda hapana budi pawepo kitu kimoja kisichokwenda. Jiwe la juu la kusagia huzunguka kwa sababu la chini limetulia. Mlango hufunguka na kufungwa kwa kuwa bawaba imeshikamana na mwimo. Shairi nalo huweza kutembea beti ishirini, likibadilisha vina vyake kila ubeti, na msikilizaji asipotee njiani, kwa kuwa kibwagizo kimesimama pale pale kikimngoja.

Pikipiki ina kisimamo chake. Kimefichwa ubavuni mwa injini, aghalabu upande wa kushoto katika pikipiki za silinda moja, nyuma ya kifuniko cha alumini ambacho kiatu cha mwendeshaji hukipapasa kila abadilishapo gia. Ni bamba la mviringo lenye nguzo fupi za chuma, na kila nguzo imezongwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Wenye vitabu hukiita stata, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kinachosimama. Mafundi wengi hawana haja na Kilatini. Wao husema koili za magneti, na kila mtu huelewa. Juu ya bamba hilo hufunikwa chungu kizito cha chuma chenye sumaku ndani yake, nacho hufungwa kwenye ncha ya shafti ya injini. Injini ikiwaka, chungu huzunguka mara maelfu kwa dakika, na bamba lililo ndani yake halisogei hata unywele. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya uliozongwa, umeme huzaliwa ndani ya waya. Taa ya kila pikipiki ishukayo mlimani usiku ni mtoto wa tendo hilo moja: kimoja kimezunguka, kingine kimesimama.

Jambo hili dogo lilipata uzito mkubwa katika nyumba moja ya mjini Mbinga, miaka michache baada ya barabara ya kwenda Mbamba Bay kuwekwa lami.

Mbinga ni mji wa Umatengoni, mkoani Ruvuma, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Songea. Milima yake imechorwa na mikono ya wakulima kama mkeka uliosukwa. Wamatengo hulima ngoro: hulaza nyasi zilizokatwa katika mistari inayokingamana, huzifunika kwa udongo, na kuacha shimo katikati ya kila mraba. Mbegu hukaa juu ya matuta, na mvua hukaa mashimoni badala ya kuteremka na udongo mabondeni. Kandokando ya ngoro ipo kahawa. Ndiyo mazao yaliyomlea bwana shamba mmoja, marehemu sasa, aliyepanda na kushuka milima hiyo kwa pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 1980, ya cc 125 na umeme wa volti 6, mpaka mradi aliokuwa akiutumikia ulipofungwa na vyombo vyake vikauzwa kwa watumishi. Aliinunua ile aliyokuwa akiiendesha. Alipofariki, aliacha mjane, mtoto wa kiume, shamba la kahawa, pikipiki hiyo, na madaftari ya jalada gumu ambamo aliandika mvua ya kila mwezi upande mmoja na matengenezo ya pikipiki upande wa pili.

Mtoto aliifanya pikipiki ile kuwa kazi. Saa tisa za usiku huondoka Mbinga na tenga tupu nyuma yake, akateremka kilomita 66 mpaka Mbamba Bay, ili awahi mitumbwi inayorudi alfajiri na dagaa. Jua likichomoza huwa amekwisha kununua, kufunga na kugeuza. Dagaa wabichi hawasubiri. Anayechelewa huuziwa waliobaki na huwauza waliolegea. Kutoka milimani hadi ufukweni ni mteremko wa zaidi ya nusu kilomita kwa kimo, kwa maana uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 tu juu ya bahari. Zamani udongo na mawe ya njia hiyo vilimlazimisha kila mtu kwenda polepole. Lami iliondoa vumbi, ikaleta kasi, na kasi ikaongeza thamani ya taa.

Taa ndiyo iliyoanza kumsaliti. Kwanza ilipauka. Kisha honi ikawa kama mbuzi mwenye mafua, kwa kuwa betri haikuwa ikichajiwa. Baadaye injini yenyewe ikaanza kuzimika ikishapata moto, hasa wakati wa kupanda na mzigo. Ikiachwa nusu saa ipoe, huwaka kana kwamba haikuwa na ugonjwa. Kijana alikwenda gereji moja, wakambadilishia plagi. Haikusaidia. Wakambadilishia boksi la CDI lililotoka katika pikipiki nyingine. Siku mbili ilikwenda vyema, siku ya tatu ikazimika mlimani, dagaa wakaharibikia kwenye tenga. Wakamuuzia betri mpya. Pesa za mwezi zikaisha, na pikipiki ikarudi nyumbani ikisukumwa.

Hapo ndipo shauri la pili lilipoingia ndani ya nyumba. Mwenye duka mmoja alikuwa tayari kumpa kijana pikipiki mpya kwa mkataba. Mkataba unajulikana Tanzania nzima: dereva hupeleka kiasi kilichokubaliwa kila siku au kila wiki, mvua inyeshe au jua liwake, na muda ukitimia bila kukosa chombo huwa chake. Akikosa, chombo hurudi kwa mwenyewe na alichokwisha kulipa hakirudi. Wapo walionyanyuka kwa mkataba. Wapo walioamka asubuhi moja hawana pikipiki wala akiba. Kijana alikuwa amechoka kusukuma. Alimwambia mama yake kwamba ile ya marehemu iuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu.

"Baba yako hakukuachia chuma chakavu," mama alijibu. "Amekuachia chombo ambacho hakuna mtu atakayekugongea mlango kukidai. Nenda kwanza kwa mzee. Akisema imekufa, tutaizika."

Mzee aliyetajwa alikuwa fundi aliyejifunza kazi ujanani katika karakana za abasia ya Peramiho, na ambaye kwa sasa alishika spana kwa hiari tu, kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua. Kijana alimwamkia, akaeleza yote yaliyobadilishwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamekununulia dawa tatu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyekupima homa."

Upimaji wake ulianza kwa mambo mepesi, kwa kuwa fundi mzuri hafungui injini kabla hajafungua macho. Alifuata waya zitokazo ubavuni mwa injini mpaka kwenye kiunganishi kilicho chini ya tangi, akakichomoa, akatazama kama pini zimeungua au zimeota kutu. Zilikuwa safi. Kisha akaeleza mgawanyo wa kazi uliokuwamo katika bamba la pikipiki ile. Koili moja, yenye waya mwembamba kama unywele na mizunguko mingi mno, huzalisha umeme wa cheche na kuupeleka kwenye CDI. Nyingine, zenye waya mnene na mizunguko michache, huzalisha umeme wa taa na wa kuchaji betri. Kwa mpango huo injini haihitaji betri ili iwake. Ndiyo maana betri mpya haikuwa na la kufanya.

Alimpa kijana mita, akamwelekeza aweke ncha moja kwenye waya wa koili ya cheche na nyingine kwenye bodi ya injini. Mita ilionyesha omu mia kadhaa, kama inavyotakiwa. Kijana alifurahi. Mzee akamwambia airudishe waya, aiwashe, aiendeshe kilima kimoja kirefu kisha kingine, na ikizima tu aisukume haraka irudi. Ugonjwa wa joto haupimwi kwenye ubaridi. Safari hii, injini ikiwa bado inachoma mkono, mita haikuonyesha kitu: waya ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya koili, na ncha zake mbili zilikuwa zikigusana pakiwa baridi na kuachana pakipata moto.

Koili za taa zilihitaji njia nyingine. Waya wake ni mnene, na ukinzani wake ni mdogo mno hata zikiwa nzima, kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kutofautisha vyema nzima na iliyounguana ndani kwa ndani. Kwa hiyo walingoja injini ikubali kuwaka tena, wakapima volti za koili hizo huku akiongeza mafuta. Zilipaswa kupita volti 6 bila shida. Hazikufika 3. Hapo mzee alifuta mikono yake. Magonjwa mawili, kitanda kimoja.

Siku ya kufungua, kazi yote ilifanywa na kijana, na mzee alikaa juu ya kigoda akimtazama. Walitoa pedeli ya gia, kisha skrubu za kifuniko, zilizokuwa zimeng'ang'ania kwa miaka. Mzee alimfundisha kuweka bisibisi yenye kichwa kinacholingana sawasawa na skrubu, kuigonga nyuma kwa nyundo mara moja au mbili ili kutu iachie, ndipo azungushe. Kifuniko kilipotoka, chungu cha sumaku kilionekana. Waliizuia shafti isizunguke, wakafungua nati ya katikati. Hatua iliyofuata ndiyo mzee aliyoisimamia kwa ukali. Chungu hicho hukaa juu ya ncha ya shafti iliyochongwa kwa kupungua, nacho hushikilia kwa nguvu za ajabu. Mwenye haraka hukipiga nyundo pembeni, na kwa mapigo mawili huweza kuzipasua sumaku au kuipinda shafti, akawa ameua injini ili aokoe taa. Chombo chake ni pula: bolti nene inayofungwa kwenye meno ya chungu chenyewe, yenye msumari wa katikati unaoisukuma shafti.

"Unakaza, unangoja, unagonga kichwa cha pula kidogo tu, unakaza tena," mzee alisema. "Kitaachia chenyewe. Kisipoachia leo, kitaachia kesho."

Kiliachia siku ile ile. Ndani yake sababu ya maradhi ilionekana wazi. Chumba kile kilipaswa kuwa kikavu, lakini sili ya shafti ilikuwa imezeeka na kuvujisha oili. Oili moto ilizilowesha koili miaka kwa miaka, vanishi ikapasuka, waya ukagusana na waya, na nguzo tatu zilikuwa nyeusi kama vipande vya muhogo vilivyosahauliwa jikoni. Kabla ya kulegeza bamba, mzee alimwamuru kijana akwaruze alama moja iliyovuka kutoka kwenye bamba mpaka kwenye bodi ya injini, ili litakaporudishwa lisikae kwa pembe tofauti na kuharibu wakati wa cheche. Na kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachoingia kwenye kijishimo cha shafti ili chungu kikae mahali pake, kilifungwa kwenye kitambaa na kutiwa mfukoni mwa mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja na chai. Vitu vidogo hupotelea kwa wanaume, alisema mzee, wanawake huviweka.

Madukani kulikuwa na stata nyingi, mpya, za bei nafuu, lakini zote zilikuwa za pikipiki za siku hizi za volti 12, zenye matundu ya skrubu yasiyolingana na idadi nyingine ya nguzo. Kuzitumia kungedai sumaku nyingine, taa nyingine, betri nyingine na rektifaya nyingine. Kanzu mpya ilhali kilichochanika ni kifungo. Koili za taa mzee aliweza kuzisuka upya kwa mkono. Ile ya cheche, yenye waya wa unywele, hakuiweza mtu yeyote pale. Ilibidi ipatikane nzima kutoka katika pikipiki ya aina ile ile.

Jibu lilitoka katika madaftari ya marehemu. Katika ukurasa mmoja aliorodhesha pikipiki zote za mradi na vituo vyake. Moja ilikuwa Liuli.

Liuli ni kijiji cha ufukweni, kaskazini ya Mbamba Bay, na jina lake limo katika vitabu vya dunia kwa sababu ya chombo kilichokuwa kikitengenezwa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, bandari ya sfinksi, kwa ajili ya mwamba wa pale ufananao na sanamu ile ya Misri. Mwezi Agosti 1914, vita kuu ilipokuwa na siku chache tu, meli ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kwa watu wa visiwani Liuli ina uhusiano mwingine. Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, iliifanya Unguja kuwa kituo chake kuanzia 1864, na kutoka huko wamisionari wake walielekea ziwani. Mmoja wao, kasisi William Percival Johnson, aliishi kandokando ya ziwa hilo kwa zaidi ya miaka arubaini, akafariki Liuli mwaka 1928.

Watu wa ufuko ule wana historia ndefu ya vyombo vilivyofumuliwa na kuungwa upya. Maporomoko ya mto Shire hayaruhusu meli kupanda kutoka baharini mpaka ziwani. Kwa hiyo Ilala, boti ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Nyasa, ilifumuliwa mwaka 1875, ikapitishwa kandokando ya maporomoko vipande vipande juu ya vichwa vya wapagazi, ikaungwa tena upande wa juu. Chauncy Maples, meli ya misheni, iliundwa Glasgow, ikafumuliwa, ikasafirishwa kwa njia hiyo hiyo ya taabu, na kushushwa majini mwaka 1901. Kila bolti ilipita mkononi mwa mtu kabla ya kufika kwenye maji yale. Laiti kipande kimoja kingepotea njiani, meli nzima ingekaa ufukoni ikingoja.

Kijana alipanda gari mpaka Mbamba Bay, kisha akafika Liuli na begi lenye mita, pula, bisibisi na nyundo ndogo. Ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa kusini-mashariki, ule ambao ng'ambo ya Malawi huitwa mwera na ambao mabaharia wa pwani wangemtambua kuwa ni ndugu wa kusi. Pikipiki aliikuta bandani mwa mkunga mstaafu, bibi wa Kinyasa, ambaye marehemu mume wake aliinunua kama alivyofanya bwana shamba. Ilikuwa imesimama miaka mingi, kuku wametaga juu ya kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Huyo mnyama huna haja ya kumwogopa, haumi tena."

Alieleza shida yake. Bibi alimruhusu afungue. Safari hii hapakuwa na mzee juu ya kigoda. Skrubu zilitoka kwa taabu, nati ilitoka, chungu kikagoma. Alikaza pula mpaka mikono ikatetemeka. Nyundo ilikuwa pale chini, na pembeni ya chungu palikuwa pamekaa vizuri kupigwa. Pikipiki ile ilikuwa imekwisha kufa; nani angejali shafti yake? Lakini sumaku zilizo hai, na koili iliyo ndani yake, vingepata mshtuko ule ule. Akaweka matone ya mafuta kwenye kiungo, akagonga kichwa cha pula polepole, akakaza robo mzunguko, akaiacha. Alilala Liuli. Alfajiri, kabla hajaigusa, alikaza tena kidogo tu, na chungu kikaachia kwa mlio mkavu uliowarusha kuku nje ya banda.

Koili ya cheche ilikuwa nzima, na mita ilimwambia hivyo. Ya taa ilikuwa imeliwa na kutu katika nguzo mbili. Alilifungua bamba zima, akaufuata waya wake mpaka kwenye mpira unaouzuia usikatwe na bodi, akautoa bila kuukata. Kisha akauliza bei.

Bibi alikataa kutaja. Alisema alizalisha akina mama katika ufuko ule kwa miaka mingi kwa taa ya chemli, na akina mama wengine aliwapoteza njiani, si kwa kukosa dawa, bali kwa kukosa mtu wa kuwafikisha usiku. Siku hizi simu zipo, na barabara ipo, lakini saa tisa za usiku wenye vyombo wamelala.

"Pesa nitazila ziishe," alisema. "Mimi nataka taa. Wewe hushuka saa hizo kila siku. Nikikupigia, usiniambie uko mbali."

Kijana aliona kwamba deni hili halina siku ya mwisho, tofauti na lile la mwenye duka. Alikaa kimya kwa muda, akipima. Kisha akakubali, na bibi akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya kliniki.

Mbinga, mzee alifumua nguzo za taa zilizoungua, akihesabu kila mzunguko kwa sauti na kijana akiandika. Alinunua waya wa shaba wa unene ule ule, akausuka nguzo moja kwa kuelekea kulia na inayofuata kwa kuelekea kushoto. Kwa kuwa sumaku hupishana kaskazini na kusini, nguzo zikisukwa zote upande mmoja umeme wake hupingana na kuuana. Akapaka vanishi, akaianika siku mbili. Sili ya shafti ilibadilishwa kwanza, maana kuweka koili mpya chini ya sili inayovuja ni kutandika kitanda chini ya dari linalovuja. Bamba likarudi kwenye alama iliyokwaruzwa. Waya ukabanwa usiguse chungu. Ncha ya shafti ikafutwa mpaka ikakauka kabisa, bila tone la mafuta. Mama akatoa nusu mwezi mfukoni. Chungu kikawekwa, kikazungushwa kwa mkono kusikilizwa kama kinakwaruza, nati ikakazwa.

Iliwaka kwa kiki ya tatu. Mita ilipanda juu ya volti 6 na taa ikaumulika ukuta wa nyumba. Waliiendesha vilima vile vile viwili, wakarudi, haikuzima.

Mzee alitoa onyo moja la mwisho. Taa ya pikipiki ile hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili, kwa hiyo mwanga wake hufuata mzunguko wa injini. Anayeteremka kwa gia kubwa, injini ikinong'ona, taa humfifia penye kona, mahali hasa anapoihitaji. Mteremko wa kwenda ziwani ushukwe kwa gia ndogo: injini itanguruma, mwendo utashikwa, na njia itaonekana.

Mwenye duka aliambiwa asante. Alijibu kwamba pikipiki mpya zitakuwapo siku zote, na alisema kweli. Pikipiki ya zamani nayo haikuahidi kitu. Kabureta yake ilikuwa na umri wa kabureta, na mnyororo wake ulikuwa umelegea. Ila ilikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameuona moyo wake kwa macho.

Usiku uliofuata, kabla ya kuondoka, kijana alifungua daftari la mwisho la baba yake. Upande wa mvua ulikuwa umeishia katikati ya mwezi. Upande wa matengenezo ulikuwa na mistari mitupu. Aliandika tarehe, unene wa waya, idadi ya mizunguko kwa kila nguzo, upande ambao kila moja ilisukwa, na neno moja: gia ndogo. Chini yake akanakili, kwa tarakimu kubwa ambazo mtu anaweza kuzisoma gizani, namba ya simu ya mkunga wa Liuli.